Kukarabati mbao zilizooza kwenye chumba cha vioo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini mbao za chumba cha vioo huoza kabla ya madirisha mengine ya nyumba?

Kwa sababu hulowa pande zote mbili. Nje kuna mvua. Ndani kuna mvuke wa pumzi, wa nguo zilizoanikwa na wa mimea iliyomwagiliwa. Usiku mvuke huo hugusa kioo kilichopoa, hugeuka matone na kuteremka hadi kwenye mbao ya chini ya fremu. Kuvu inayoozesha mbao huhitaji hewa, joto la wastani na maji, na katika hivyo vitatu ni maji peke yake unayoweza kuyadhibiti. Mbao ambayo unyevu wake unabaki chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi, ikae miaka mingapi.

Ndiyo maana kabla ya kushika patasi inabidi ujue maji yaliingilia wapi na yalishindwa kutokea wapi. Kiraka kizuri kikiwekwa juu ya njia ileile ya maji kitaoza kama ilivyooza mbao ya kwanza.

Nianze kukagua wapi?

Chini. Mbao hunywa maji kwa kasi zaidi kupitia ncha zake zilizokatwa kuliko kupitia ubavu, kwa hiyo tafuta kila mahali ncha ilipofichwa: miguu ya nguzo inapokaa juu ya kizingiti (mbao ya chini kabisa inayobeba fremu), pembe za chini za fremu ambako ulimi wa mbao moja umeingia kwenye tundu la nyingine, miisho ya mapao ya paa inayochungulia nje karibu na gata, na vibao vya chini vinavyoshika kioo. Kisha angalia kizingiti chenyewe kwa chini, ambako wengi hawafiki kwa sababu inabidi ulale kifudifudi. Pale ambapo udongo, changarawe au sakafu ya nje imepandishwa hadi kugusa mbao, usijiulize mara mbili. Kati ya uso wa ardhi na mbao ya chini kabisa panatakiwa pawe na angalau milimita 150, ili matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yasiipige.

Nitajuaje kama mbao imeoza au ni rangi tu iliyobabuka?

Chukua bisibisi bapa nyembamba au msumari mrefu na uchome kwa nguvu ya mkono, siyo kwa nyundo. Mbao nzima hukataa baada ya milimita 1 au 2. Iliyooza humeza chuma bila ubishi. Kisha chomoa kibanzi kidogo: cha mbao nzima hunyanyuka kikiwa kirefu chenye nyuzi, cha iliyooza hukatika vipande vifupi kama biskuti. Rangi inayovimba malengelenge kwenye pembe moja tu, au ufa unaofuata mstari wa kiungo, ni dalili ya mapema kuliko zote. Ukiishughulikia siku hiyo, huenda kazi nzima ikaisha kwa kukausha, kuziba na kupaka rangi.

Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili husaidia sana, lakini kina mtego wake. Mbao iliyotiwa dawa ya chumvi za shaba au boroni husomeka kuwa na maji mengi kuliko ilivyo kweli. Linganisha kila mara na mbao kavu ya fremu hiyohiyo.

Je, yawezekana ni mchwa au bungua?

Inawezekana, na dawa yake ni nyingine. Bungua huacha vitundu vya mviringo na unga mkavu chini yake. Mchwa hula kwa ndani akiacha ganda jembamba, na humo ndani utakuta udongo au njia zilizolainishwa. Mbao iliyooza kwa kuvu hubadilika rangi ikawa ya kahawia au nyeupe, hupoteza uzito, na mara nyingi hupasuka kwa mistari inayokatana kama vijumba. Mara nyingi wadudu na kuvu hukaa pamoja, kwa kuwa mbao laini yenye unyevu ni chakula chepesi.

Ipo pia kuvu moja ya kuogopwa, Serpula lacrymans, inayopatikana zaidi katika nyumba za nchi za baridi. Huota nyuzi za kijivu zinazoweza kupita kwenye ukuta wa matofali kutafuta mbao nyingine, na huacha vumbi la rangi ya kutu. Haivumilii joto, hivyo si kawaida kuikuta kwenye fremu zinazopigwa jua, lakini huweza kujificha pale chumba kinapoungana na ukuta wa nyumba. Ukiziona dalili hizo, usifunike kitu. Ita mtaalamu akague na ukuta pia.

Lini puti inatosha, na lini lazima nikate?

Pima baada ya kuondoa uozo wote, siyo kabla. Shimo la ukubwa wa yai, katikati ya mbao isiyobeba mzigo, lenye mbao nzima kila upande, linajazwa. Uozo ukishaingia kwenye kiungo, ukiwa umekula zaidi ya theluthi ya unene wa mbao, au ukiwa upande unaokalia kioo, kata na utie kiraka cha mbao. Puti ya kawaida ikishakauka huwa ngumu na haisogei, ilhali mbao hutanuka na kusinyaa kila majira. Kadiri donge linavyokuwa kubwa ndivyo tofauti hiyo inavyofungua ufa kuizunguka, na ufa ni mlango wa maji. Tunawasihi sana wasomaji wasijaze mguu wa nguzo kwa puti. Unapendeza siku ya kwanza, kumbe umefungia unyevu ndani.

Nikaushe mbao kwa muda gani?

Hadi kipimo kisome chini ya asilimia 18, na ikiwa unatumia epoksi (gundi au puti ya vijenzi viwili vinavyoganda vikichanganywa) usilegeze kanuni hiyo hata kidogo. Kwa kawaida ni siku kadhaa hadi wiki 3, ikitegemea unene na hali ya hewa. Ondoa rangi kwenye eneo lote, fungua vibao vinavyoshika kioo, toboa matundu machache ya milimita 6 sehemu nene, kisha tengeneza kipaa cha turubai kilichoachia hewa pande zote. Usibandike nailoni juu ya mbao, maana itageuka jasho. Kipulizo cha hewa moto kinakausha ngozi ya juu tu na kuacha maji katikati, na kikisogezwa karibu hupasua kioo.

Kama rangi ni ya zamani, ya kabla ya miaka ya 1980, ichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka uipime. Kwaruza ikiwa imeloweshwa, vaa kinga ya pua inayochuja vumbi laini, tandaza nailoni chini, usiichome kwa moto wala kuisugua kavu kwa mashine. Watoto wasiwe karibu.

Nifuate hatua gani nikitumia puti ya vijenzi viwili?

Kwangua kwa patasi mpaka ufike mbao ngumu yenye rangi yake ya asili. Kingo za shimo ziwe wima au ziingie ndani kidogo kwa chini, kamwe zisiwe nyembamba kama ukingo wa sahani, kwa sababu puti nyembamba hubanduka. Pakaza dawa ya kugandisha mbao mpaka isinyweke tena, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Dawa hii haiponyi mbao iliyooza. Inashikiza tu nyuzi dhaifu zilizobaki pembeni. Kama shimo ni refu, piga skrubu 2 au 3 za chuma kisichoshika kutu, vichwa vikibaki milimita 5 chini ya uso, ili puti ipate cha kung'ang'ania.

Changanya puti na kigandishi chake kidogo kidogo. Kwa puti ya poliesta, donge la kipenyo cha sentimita 4 huhitaji kigandishi cha ukubwa wa punje ya njegere. Ukizidisha itashika kabla hujaifikisha shimoni na itakuwa na nyufa, ukipunguza itabaki ikinata. Una dakika 5 hadi 10, na kwenye joto kali hata chini ya hapo. Sukuma kwa nguvu kwenye pembe za shimo kwanza ili hewa itoke, jaza kwa tabaka, na la mwisho liwe juu kidogo ya uso wa mbao. Piga msasa namba 80, kisha 120.

Epoksi ya kukarabatia mbao ni ghali zaidi na hukawia kukauka, lakini hunyumbuka kidogo pamoja na mbao. Kwenye fremu za nje sisi tungeichagua hiyo kila mara. Uwiano wake hutofautiana, mingine 1 kwa 1, mingine 2 kwa 1, na haukadiriwi kwa macho: pima. Epoksi iliyokosewa uwiano haigandi kamwe, hata usubiri wiki.

Kiraka cha mbao kinatiwaje?

Hii ndiyo kazi inayodumu, kwa hiyo tutaieleza kwa kirefu.

Kwanza weka alama ya mahali uozo unapokoma, halafu sogea milimita 50 hadi 75 ndani ya mbao nzima. Hapo ndipo pa kukata. Kuvu huwa imetangulia mbele ya kile jicho linachoona, na wanaokata kwenye mstari wa uozo hurudia kazi. Kama ni ile kuvu ya nyuzi za kijivu, sogea milimita 300 hadi 500.

Pili, amua mwelekeo wa mkato. Mkato ulionyooka hushikwa na gundi kwenye ncha za nyuzi, na gundi haishiki vizuri kwenye ncha. Kata kwa mteremko ili gundi ipate ubavu wa kushika. Kwa kizingiti au mbao ya fremu isiyobeba mzigo, pembe ya digrii 45 inatosha. Kwa mbao inayobeba, urefu wa mteremko uwe mara 8 ya unene: mbao ya milimita 50 inahitaji mteremko wa milimita 400. Kwenye nguzo, mteremko lazima ushuke kuelekea nje, ili tone linaloingia kwenye mstari wa gundi literemke nje badala ya kuingia moyoni mwa nguzo. Mkato uliogeuzwa kinyume ni kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, na hufanya kazi ya kijiko cha kuchotea mvua.

Tatu, andaa kiraka. Kiwe cha aina ileile ya mbao au inayokaribiana nayo kwa uzito, unyevu wake usipishane na wa fremu kwa zaidi ya asilimia 2 au 3, na nyuzi zake zielekee upande uleule. Kikate kikiwa kinene zaidi kwa milimita 2 kila upande, utakiteremsha kwa randa baada ya gundi kukauka. Kijaribu kikavu. Mwanya unaopitisha karatasi moja unavumilika. Unaopitisha kadi unahitaji kurekebishwa au gundi ya epoksi iliyoongezwa unga wa kujazia.

Nne, gundi. Gundi ya poliyurethani huvimba povu, na povu hilo halina nguvu, hivyo kiungo lazima kibane vyema. Lowesha uso mmoja kidogo kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuipaka, kisha bana kwa klampu saa 4 au zaidi. Epoksi ni kinyume chake: paka kwanza nyembamba pande zote ili mbao inywe, ngoja dakika chache, pakaa tena, na bana kwa upole tu, maana ukikaza sana unaikamua yote na kiungo kinabaki kikavu. Mbao zenye mafuta, kama msaji, zifutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi, la sivyo itateleza.

Tano, toboa na tia skrubu za chuma kisichoshika kutu, zipite kwenye mteremko na kuzama angalau milimita 30 upande wa pili. Misumari ya kawaida itatoa kutu, na kwenye mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya baadhi ya miti) itaacha michirizi myeusi isiyofutika. Zamisha vichwa milimita 10 na uzibe kwa vijiti vya mbao vilivyogundishwa, siyo puti.

Kabla ya kukifunga kiraka, paka praima (rangi ya msingi) nyuma yake na kwenye ncha zote ambazo hazitaguswa na gundi. Ukishakifunga hutapafikia tena.

Kizingiti kipya kiwe na umbo gani?

Uso wake ushuke kuelekea nje kwa digrii 7 hadi 9, yaani kila milimita 100 za upana zishuke kati ya milimita 12 na 16. Chini yake chonga mfereji wa kudondoshea maji, upana na kina milimita 6, ukiwa umeingia ndani angalau milimita 10 kutoka ukingo wa mbele. Bila mfereji huo maji hufuata uso wa chini wa kizingiti hadi ukutani na kulowesha mbao kwa mgongo. Kama upo tayari, kagua kama haujajazwa rangi. Tabaka za rangi za miaka mingi huuziba kabisa, na kuukwangua upya kwa bisibisi kuukuu ni dakika 20 zinazookoa kizingiti kizima.

Kati ya kizingiti na matofali weka ukanda wa nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Mbao isikae juu ya saruji tupu.

Lazima nitoe kioo?

Kwa puti ndogo, hapana. Kwa kiraka kinachogusa mfereji unaokaliwa na kioo, ndiyo. Piga hesabu ya uzito kabla hujakishika: kila mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 1 ina kilo 2.5. Kioo cha tabaka mbili za milimita 4 kina kilo 20 kwa mita ya mraba, kwa hiyo dirisha la mita 1 kwa 1.5 lina kilo 30. Hiyo ni kazi ya watu wawili wenye glavu. Kiegemeze kikiwa kimesimama juu ya mbao au zulia, kamwe siyo juu ya saruji, kwani kioo kilichoimarishwa kwa joto hulipuka vipande vidogo kikigongwa ukingoni, na hakiwezi kukatwa upya.

Wakati wa kurudisha, kioo cha tabaka mbili kikae juu ya vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 5, kila kimoja kwenye robo ya upana kutoka pembeni, na vyenye upana wa kutosha kubeba tabaka zote mbili. Chini yake toboa matundu ya milimita 8 hadi 10 ya kutolea maji nje, na upake rangi ndani ya matundu hayo. Kioo kikikalia maji, gundi ya ukingo wake huachia na ukungu huingia kati ya tabaka. Usitumie puti ya mafuta ya kitani na kioo cha aina hii, kwa sababu mafuta hayo hushambulia gundi hiyohiyo.

Mguu wa nguzo umeoza. Naweza kuukata?

Nguzo hubeba paa, na paa la kioo ni zito. Kabla ya kukata, weka mwega wa chuma wenye skrubu ya kurekebisha kila upande wa nguzo, chini ya boriti, juu ya kipande kinene cha mbao kinachosambaza mzigo sakafuni. Kaza mpaka mwega ushike tu. Usinyanyue, maana kunyanyua hata milimita 3 kunapasua vioo. Shughulikia nguzo moja kwa wakati. Mguu mpya usirudishwe juu ya zege: ukalishe kwenye kiatu cha chuma kinachouinua milimita 10 au zaidi, ncha yake ikiwa imepakwa epoksi nyepesi mara 3.

Kama boriti ya juu imeinama, kama nguzo zaidi ya moja zimelegea, au kama uozo umefika mapao yanayobeba kioo, kazi hiyo ni ya fundi wa ujenzi aliyebobea. Hapo usipande juu, na usikae chini yake.

Je, dawa ya kuua kuvu peke yake inatosha?

Haitoshi. Huzuia uozo kuenea, hairudishi nguvu ya mbao iliyoliwa. Dawa tunayoipenda zaidi ni vijiti vya boroni: toboa tundu la mteremko karibu na kila kiungo cha chini, kwa kipenyo kilichoandikwa na mtengenezaji, sukuma kijiti ndani na uzibe kwa kijiti cha mbao. Kikiwa pakavu hakifanyi kitu. Unyevu ukiingia kinayeyuka na kusambaa na maji hayohayo hadi kuvu inapotaka kuota. Boroni huoshwa na maji yanayotiririka, kwa hiyo lazima rangi ya juu iwe nzima.

Nitumie mbao gani?

Moyo wa mvule au wa msaji hustahimili sana bila dawa. Zingatia neno moyo: sehemu nyeupe ya nje ya mti wowote, hata msaji, huoza upesi. Msonobari uliotiwa dawa kwa shinikizo unafaa, ila kila unapoukata unafungua mbao isiyofikiwa na dawa, hivyo paka dawa upya kwenye kila mkato.

Rangi ipakwe vipi ili isibabuke tena?

Viringisha kwanza kingo zote kali kwa msasa hadi ziwe na mviringo wa milimita 3, kwa kuwa rangi hukimbia ukingo mkali na kuuacha na ngozi nyembamba. Praima tabaka 1, na 3 kwenye ncha. Halafu rangi ya kwanza, kisha 2 za kumalizia, za aina inayoruhusu mvuke kutoka. Usiache mbao tupu juani zaidi ya wiki 2 kabla ya praima, jua huharibu uso na rangi haishiki. Kwenye kioo, rangi ipande milimita 2 juu ya glasi ili izibe mwanya.

Naweza kuziba kila mwanya kwa silikoni?

La. Ziba pale maji yanapoingilia, acha wazi pale yanapotokea. Mstari wa silikoni uliopigwa kwenye ukingo wa chini wa kibao cha kioo hufunga mlango wa kutokea, na ndani ya fremu maji hubaki yamesimama. Pia silikoni ya kawaida haishiki rangi, kwa hiyo chagua ziba-nyufa inayokubali kupakwa.

Kiraka changu kimefunguka ufa baada ya miezi michache. Nini kimeenda vibaya?

Karibu kila mara kiraka au fremu ilikuwa bado na maji wakati wa kugundisha, ikasinyaa baadaye. Sababu ya pili ni gundi iliyopakwa penye vumbi la msasa au mabaki ya uozo. Usijaze ufa huo kwa puti haraka. Choma bisibisi pande zote mbili: kama mbao ni ngumu, panua ufa kidogo kwa kisu, subiri ukauke, tia epoksi inayonyumbuka na upake rangi. Kama bisibisi inazama, kata tena, safari hii mbali zaidi.

Baada ya hapo nikague mara ngapi?

Mara 2 kwa mwaka, kabla na baada ya majira ya mvua. Safisha gata na matundu ya kutolea maji kwa waya mwembamba, sogeza mimea na vyungu mbali na mbao, choma bisibisi kwenye pembe za chini. Kisha mwaga kikombe cha maji juu ya kila kizingiti na utazame yanakokwenda. Yakisimama, au yakirudi kuelekea ndani, pakaushe na upashughulikie kabla ya mvua nyingine.